Shavu la Kushoto

Sebuleni kwetu Mbagala, juu ya kabati la vyombo, kwa muda palikaa picha ya bibi mmoja mzuri ambaye sie hatukumjua. Ngozi yake ilikuwa laini, ya rangi ya chai ya maziwa. Mdomo umefumba vizuri. Nyuma yake mawingu ya buluu, utadhani alipigwa picha akiwa njiani kwenda mbinguni. Kilemba kilikuwa cha Bibi yangu, na masikio yalikuwa ya Bibi yangu. Vingine vyote vilikuwa vya kijana wa steshenari.

Ngoja nianze mwanzo, maana mie nikipandwa na hasira naruka mambo.

Bibi, mzaa mama, alikuwa Mmakonde wa Newala, katika wanawake wa mwisho mwisho kuchanjwa chale za uso. Na sisemi vile vichanjo viwili vya dawa ambavyo kila mtu anavyo mahali. Nasema uso mzima. Kwenye paji mistari ilipanda na kushuka, kwenye mashavu kulikuwa na pembe ndani ya pembe, na kidevuni alama ndogo ndogo zimepangwa kama punje za mtama. Mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, kile kipande cha mti ambacho wanawake wa kwao walivaa mdomoni kama wengine wanavyovaa hereni. Ndonya yenyewe aliiacha alipokuja mjini kumfuata babu, lakini tundu hakuweza kuliacha. Akinywa chai ilibidi aliwekee kidole.

Watoto wageni mtaani walikuwa wakimwona wanatoka mbio, na yeye alikuwa anaipenda sana hiyo. Anakaa barazani anachambua mchicha, mtoto anapita na kutumbua macho, Bibi anainua kisu taratibu: "Njoo nikuchore na wewe, mume wangu." Mtoto huyo, ndala moja huku nyingine kule! Bibi anacheka mpaka anakohoa, na Mama anapiga kelele kutoka ndani, "Mama jamani, utatuletea kesi!"

Hicho kilikuwa kicheko chake, na kilikuwa chake kwa sababu alikianzisha mwenyewe. Kicheko cha watu wengine kilikuja siku alipokwenda Rangi Tatu kununua dawa ya kikohozi. Kijana mmoja wa duka la simu akamrekodi bila yeye kujua, akaweka muziki wa singeli juu yake, akarusha. Video ikatembea. Ikatembea mpaka Kipawa, kwenye ofisi anayofanyia kazi mjomba, ambako wenzake walikuwa wameizunguka simu wanashika mbavu. Mmoja akamwita, "Braza, njoo uone kioja." Mjomba akaenda, akamwona mama yake mzazi.

Hakuwaambia ni nani. Hilo alitueleza yeye mwenyewe Jumapili yake, amekaa kwenye kochi letu, macho chini. Kisha akamwambia Bibi, "Mama, ukitoka uwe unajifunika." Bibi akamwangalia sana, halafu akasema sawa mwanangu. Tangu siku hiyo akitoka nje ya geti aliivuta kanga mpaka chini ya macho, na mtu akiinua simu, hata iwe ya kuangalia saa, aligeuka ukutani. Tulikuwa hatuna picha yake yoyote ile, isipokuwa ile ndogo ya kwenye kitambulisho.

Mie wakati huo nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nasomea usanifu wa michoro. Ukiwaambia watu wa mtaani wanakuuliza, "Yaani kadi za harusi?" Ndiyo, na kadi za harusi pia. Kazi yetu ya kumaliza chuo ilikuwa moja tu, na mwalimu aliieleza kwa kifupi: leteni kinachowagusa, kisha mkigeuze kuwa kazi. Wenzangu wakajaza kuta mabango ya nje waliyoyapakua mtandaoni. Mie nikajiona mjanja, nikaenda Sinza mchana wa jua kali kunakili herufi zilizopakwa rangi kwenye kuta za baa na gesti. Kuna S moja pale ina mkia kama wa mjusi, mpaka leo naipenda. Mwalimu akaangalia, akatikisa kichwa kwa adabu. "Kazi safi," akasema. "Lakini wewe mwenyewe uko wapi humu?"

Nilinuna njia nzima. Wewe mwenyewe uko wapi! Mtu umetembea juani, umefukuzwa na mlinzi wa gesti aliyedhani unamfumania mtu, halafu unaulizwa uko wapi. Nikajaribu karatasi za sabuni za zamani, nikajaribu maboksi ya viberiti, kila kitu kikafia mikononi. Nilirudi nyumbani nimekasirika na dunia, nikajitupa mkekani chumbani kwa Bibi.

Alikuwa amekaa kitandani, dirisha likiwa ubavuni mwake. Mwanga ulimpiga shavu kwa upande, na kila chale ikatupa kivuli chake kidogo. Nilikuwa nimeuona uso ule kila siku tangu nizaliwe, na nakwambia, sikuwahi kuuangalia. Mistari ilikuwa imesimama kabisa juu ya ngozi. Ilikuwa na mwanzo na mwisho, na mahali ilipokutana palikuwa pameamuliwa na mtu. Niliinuka nikakaa.

"Bibi, nikuchore?"

"Kunipiga picha, hapana."

"Sitakupiga, nitakuchora. Kwa mkono."

Akafikiri. "Kuchora, chora," akasema. "Lakini usiongeze kitu chako. Na usichokiona usikiweke."

Basi tukaanza. Penseli ilishindwa. Nilichora vizuri kabisa, nikamwonyesha, akasogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akasema, "Huu mkeka." Na kweli ulikuwa mkeka. Mistari yangu ilikuwa imenyooka mno, haina nyama chini yake. Nikajaribu rangi ya maji, nikapata kitu kama ramani. Mwisho nikawaza, kwa nini nimwige fundi aliyemchanja wakati kazi yake yenyewe ipo hapa? Nikanunua karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ile tunayowekea juu ya mchoro ili kuunakili. Nikatwanga mkaa wa jikoni, nikaupepeta kwa chujio la chai mpaka ukawa laini kama wanja. Nikampaka Bibi mafuta ya nazi usoni, nikayafuta kidogo, nikalaza karatasi juu ya paji na kuikandamiza kwa kidole gumba, polepole. Nilipoibandua na kuipulizia unga wa mkaa, mafuta yakaudaka. Mistari ikatoka mmoja mmoja, pamoja na vitundu vya ngozi na mikunjo ya uzee kati yake.

Bibi akaichukua karatasi, akaiinua dirishani, akaiangalia kwa kugeuza kichwa huku na huku. Nikadhani nimemuudhi.

"Fundi aliponichanja aliutia mkaa ndani," akasema. "Wewe umeutoa nje."

Kisha akaniambia nimpashie maji akaoge, anawashwa na mafuta.

Tukawa tunafanya Jumamosi, Mama akiwa sokoni Tandika kwenye biashara yake ya mitumba. Paji lilitoka. Kidevu kilinisumbua, maana Bibi alikuwa hawezi kukaa kimya, na akiongea karatasi inatembea. Karatasi nyingi niliziharibu, nyingine alizichana yeye kwa kupiga chafya, mtu wa ugoro yule. Shavu la kulia lilitoka zuri mpaka nikaogopa: pembe tatu, moja ndani ya nyingine, kila moja na kona zake kamili. Likabaki la kushoto.

"La kushoto si kama hili," alinitahadharisha. "Kushoto nilikimbia."

Akanisimulia. Siku ya kuchanjwa walikuwa wasichana wawili, yeye na mwenzake, wamelazwa mchangani bega kwa bega, wameshikana mikono. Shavu la kulia alivumilia. Fundi alipofika kwenye mstari wa mwisho wa kushoto, Bibi akauachia mkono wa mwenzake, akainuka na damu zake, akakimbilia kwenye mihogo. Walimtafuta mpaka jua likapinda. Mama yake ndiye aliyempata, akamkumbatia, akasema basi, mwacheni hivyo hivyo. Kwa hiyo mstari ule uliishia njiani.

"Mwenzangu alikaa mpaka mwisho," Bibi alisema. "Mpaka leo ananicheka, yule mshenzi."

Huyo mwenzake nilimjua. Aliishi Kigamboni kwa mwanawe, na kila mara Bibi aliponichukua kwenda kumwona kule walikuwa wakitukanana kwa lugha yao kwanza, halafu wakashikana mikono na kukaa hivyo mpaka chai ilipoiva.

Mjomba alikuja siku moja akakuta karatasi zangu zimeanikwa sebuleni kwa vibanio vya nguo. Akazipita, akarudi, akasimama.

"Haya unayatoa ya nini?"

"Ni kazi yangu ya chuo, mjomba."

"Watu wayaone?"

"Ndiyo."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Unajua nimepigana mara ngapi shuleni kwa sababu ya uso huu? Nilikuwa narudi nyumbani nimevimba, ananiuliza kulikoni, namwambia nimeanguka." Hakupaza sauti. Nikaanza kuzianua karatasi, moja moja.

Jumamosi ya shavu la kushoto haikufika. Siku mbili tatu kabla yake Bibi aliamka mkono hauinuki na maneno yanamwagika. Presha, wakasema hospitali, na kiharusi. Upande wa kushoto wote ulikuwa umelegea, na shavu lilikuwa limeshuka kama nguo iliyotoka kwenye kibanio. Nilikaa naye wodini saa za mchana za kutazama wagonjwa. Mfukoni sikuwa na chochote, nisije nikaonekana nimefuata karatasi badala ya mtu. Yeye ndiye aliyeanza. Aligusa shavu kwa mkono mzima, akajitahidi sana kusema, na nikamwelewa:

"Subiri... urudi."

Alikuwa na maana uso urudi mahali pake, ndipo tumalizie. Nikamwambia nitasubiri, Bibi, hatuna haraka. Niliyasema hayo natabasamu, halafu nikaenda kulia kwenye ngazi.

Haukurudi. Alituacha kabla ya mwezi kwisha.

Msiba uliwekwa kwetu. Turubai likafungwa, viti vikaletwa, wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani wakachukua jiko kama lao. Mwili ulikuwa bado mochwari ukisubiri ndugu wa Newala wafike. Mjomba akasema picha ataishughulikia yeye. Alichukua kitambulisho, akaenda steshenari moja huko huko Kipawa, na jioni akashuka kwenye gari na fremu kubwa imefungwa gazeti. Akaifungua mbele ya watu, akaiweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe na maua, pale pale unapoingia.

"Amependeza!" wakasema wanawake. "Mashallah, amekuwa kama malaika."

Mie nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nililiweka chini. Jamani, hiyo kazi naijua, mie mwenyewe nimeifanya kwa pesa ya kula chuoni. Unaletewa picha ya marehemu aliyevaa fulana, unamvisha suti. Unamtoa chunusi, unampa mawingu. Mafundi wa picha wanaita kusafisha. Yule kijana alimsafisha Bibi paji, mashavu na kidevu, akaliziba tundu la mdomo, akampunguzia weusi. Na aliifanya vizuri, huo ndio ukatili wake. Huoni hata mahali brashi ilipopita.

"Mjomba, huyu nani?"

Mama akanishika mkono. Kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, na huyu alikuwa pia kaka yake mkubwa. Lakini mie nilikuwa nimeshasema, na watu walikuwa wameshageuka.

"Ni mama yangu," mjomba akajibu, taratibu. "Na leo hakuna atakayemcheka."

Macho yake yalikuwa mekundu. Niliokota sinia langu.

Kesho yake asubuhi, mama mmoja wa jumuiya akaja jikoni anapunguza sauti. Alikuwa ametokea mtaa wa pili, ambako nako kulikuwa na msiba wa mzee mmoja, wakisoma hitima. "Kule kuna bibi," akasema. "Ana chale kama za bibi yenu. Amekaa mkekani tangu mapema, analia kwa lugha yenu, wenyewe wamemwonea aibu kumuuliza. Wamempa hadi pilau."

Nilivua aproni nikaenda mbio. Nilimkuta katikati ya wanawake wa watu waliojifunga mitandio, miguu ameinyoosha, kanga ameifunga kiunoni, machozi yanafuata mistari ya mashavu yake. Bibi wa Kigamboni. Sahani ya pilau iko pembeni haijaguswa.

"Shikamoo Bibi. Mbona uko huku? Msiba wetu uko kule."

Akanitazama, akanishika uso kwa mikono yote miwili. "Nilifika," akasema. "Bajaji ilinishusha pale kwenye turubai. Nikaona picha ya mwanamke wa pwani, mzuri. Nikasema Mungu amlaze pema, lakini huyu si wangu. Nikawauliza vijana wa barabarani, hakuna msiba mwingine? Wakanionyesha huku." Akaangalia kuzunguka mkekani. "Kwa hiyo nao hawa wamefiwa na mtu wao?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi nimemlilia nani tangu asubuhi?"

"Umemlilia Bibi."

"Basi kilio hakikupotea," akasema, akanipa mkono nimwinue. Mwanamke mwenye msiba akamfungia lile pilau kwenye mfuko, akatusindikiza mpaka barabarani, naye analia upya.

Tulipofika kwetu sikumpitisha mbele ya meza. Nilimzungusha uani, nikamwingiza chumbani kwa Bibi, nikamtolea karatasi chini ya godoro. Hakuuliza ni nini. Aliweka paji la karatasi juu ya goti lake, na shavu la kulia karibu yake, akapitisha kidole. Hapo ndipo alipomtukana, kwa lugha yao, yale matusi yao ya kila siku. Alisubiri ajibiwe. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na mie sikuwahi kumsikia Mama akilia kwa sauti ile.

Mochwari niliingia na Mama na Bibi wa Kigamboni kumvisha. Kifo kilikuwa kimemnyoosha uso. Shavu la kushoto lilikuwa limerudi mahali pake, kama alivyosema lingerudi, na mstari wa mwisho ulionekana, umeishia njiani. Karatasi nilikuwa nayo kwenye mkoba. Na mkaa. Na mafuta. Mkono wangu ulifika mpaka kwenye zipu. Lakini yeye aliniambia subiri, hakuniambia chukua, na sasa hakuwepo wa kuniambia sawa. Nikamfunga kilemba.

Tulimzika. Matanga yakaanuliwa, viti vikarudishwa, na ile picha ya mawingu ikahamia sebuleni juu ya kabati, kwa sababu mjomba mwenyewe ndiye aliyepigilia msumari. Bibi wa Kigamboni akabaki kwetu, alisema hana hamu ya kuvuka maji kurudi kwa mwanawe. Chuoni muda ulikuwa unaisha. Mwalimu aliniangalia kazi kwa muda mrefu, na nasema kweli alikuwa na huruma. "Unalo la kulia," akasema. "Ligeuze tu kwenye kompyuta, upate la kushoto. Hakuna atakayejua."

Nililigeuza. Dakika moja haikufika. Kwenye kioo cha laptopu akatokea Bibi kamili, pembe tatu huku na pembe tatu kule, mzuri kupita kiasi. Lakini huyo hakuwahi kukimbia. Hakuachia mkono wa mtu, hakujificha kwenye mihogo, mama yake hakumkumbatia akasema basi. Kumbe mie na kijana wa steshenari tofauti yetu ilikuwa chombo tu. Nikalifuta, nikafunga laptopu, nikakaa nimeikumbatia kama chizi.

Bibi wa Kigamboni alikuwa mkekani ananiona. Nikamweleza. Alisikiliza huku anatafuna kashata zake kwa upande mmoja wenye meno.

"Fundi alikuwa mmoja," akasema. "Siku moja, kisu kimoja. Leta mafuta."

"Lakini Bibi, wewe ulikaa mpaka mwisho. Mstari wako umekamilika."

"Najua ulipoishia wake. Si nilikuwa nimemshika?"

Nikampaka mafuta shavu la kushoto. Akafuta kidole chake cha shahada kwenye kanga mpaka kikakauka, akakipitisha juu ya mstari wake wa mwisho polepole, akafika katikati, akasimama. Akafumba macho.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo aliponiachia."

Akakiacha kidole pale pale, kimefunika sehemu yote iliyobaki. Nikalaza karatasi juu ya shavu na kidole pamoja. Nilipoibandua na kuipulizia mkaa, pembe zikatoka, na mstari wa mwisho ukatoka mpaka nusu. Palipokuwa na kidole pakabaki peupe. Tulikaa tunapaangalia pale peupe.

Nilipeleka kazi chuoni. Walinipa alama nzuri, kuna watu waliipiga picha, na mie nilisimama pembeni sina raha yoyote, nataka kwenda nyumbani kumwambia mtu ambaye hayupo. Maonyesho yalipokwisha Mama akazichukua karatasi zote nne, akaenda nazo kwa fundi fremu Mbagala, pamoja na ile picha ya mawingu. Alirudi na fremu moja nzito yenye vioo pande zote mbili. Upande huu bibi wa mawingu, upande huu Bibi.

"Mama, umewaza nini?"

"Kaka yangu akija," akasema Mama, "tunageuza."

Na ndivyo tulivyoishi. Siku zote alikaa Bibi. Mjomba akipiga simu kwamba yuko njiani, Mama anapanda kwenye stuli, anageuza, anashuka, anaweka chai jikoni. Tukawa tunacheka, kicheko kile cha Bibi mwenyewe. Bibi wa Kigamboni, kabla hajarudi kwao, alikuwa akimwambia yule wa mawingu, "Haya mwanamke wa pwani, zamu yako."

Kisha Jumapili moja mjomba akaja bila kupiga simu. Alikuwa ametoka kanisani, suti ya kijivu, viatu mkononi kwa ajili ya tope la nje. Mama alikuwa uani. Mie nilikuwa kwenye kochi, na mbele yangu, juu ya kabati, Bibi alikuwa amekaa na uso wake wote.

"Shikamoo mjomba," nikasema, nikainuka nisimame kati yake na kabati. Upuuzi, maana fremu iko juu ya kichwa changu.

Aliweka viatu chini. Akanisogeza kwa mkono, kwa upole, kama anavyosogezwa mtoto aliyesimama mlangoni. Akavua miwani. Nilingoja aseme, nikawa nimeshaandaa maneno yangu yote, makali, niliyokuwa nimeyahifadhi tangu siku ya turubai.

Aliinua kidole akakiweka juu ya kioo. Akafuata paji, akashuka shavu la kulia, pembe kwa pembe. Akavuka kidevuni. Akapanda la kushoto, akaufuata mstari wa mwisho, na mahali ulipoishia akasimama, pale pale palipokuwa na kidole cha Bibi wa Kigamboni.

"Hapa alikimbia," mjomba akasema.

Sikujua kwamba anajua.

"Nilipokuwa mdogo nilikuwa silali mpaka nishike hapa," akasema. "Palikuwa laini. Kwingine kote kulikuwa na chale, hapa palikuwa na ngozi yake tu. Nikawa naweka kidole, nalala."

Mama alikuwa ameingia, maji yanamtiririka mikononi. Akamwona kaka yake, akaiona fremu, akavuta stuli haraka. "Samahani kaka, nitaigeuza, ngoja niigeuze..."

"Usiiguse," mjomba akasema. Alikuwa analia waziwazi, suti na yote, na kidole hakukitoa kwenye kioo. "Niache kidogo. Bado nimemshika."